Mnunuzi wa Moshi

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta katikati ya hadithi ukaja kumwonea mtu mwingine. Wengine wote, kuanzia mama yangu mzazi hadi jirani yetu Bi Saumu, walitumia akili zao vizuri kabisa. Tena kama wao ndio wangesema nilichosema, na mimi ndiye niliyesikia, ningewasha moto mkubwa kuliko wa kwao.

Wakati ule nilikuwa dalali wa mboga pale Soni. Udalali sikuzaliwa nao. Nilikuwa fundi wa msumeno katika kiwanda cha mbao cha serikali, nina ovaroli yangu na viatu vya ngozi, mpaka ulipokuja ubinafsishaji. Akaja mwekezaji, akatushika mkono sote, akatugawia soda, akafungua mashine moja moja, akazipakia kwenye malori na kuteremka nazo Mombo. Tulisimama getini tukimpungia. Hatukujua kwamba kinachoteremka ndicho kiwanda chenyewe. Baada ya hapo niliuza mitumba, nikaibiwa. Nikauza boha, pombe yetu ya miwa, nikainywa mwenyewe. Mwisho nikajifunza kusimama barabarani na kumwambia mkulima kwamba kabichi zimejaa Kariakoo, hazina mnunuzi, kisha nikageuka na kumwambia mwenye Fuso kwamba kabichi zimeadimika mlima mzima, aongeze kidogo. Kazi yenyewe ni hiyo. Mwenye soni haiwezi, ingawa mji wenyewe unaitwa hivyo.

Mdomo ninao. Mama anasema siku niliyozaliwa nilimtania mkunga kabla sijalia.

Mdogo wangu Esta hakupewa mdomo huo. Yeye alipewa kichwa. Alisoma, akafaulu, akasoma tena, akafaulu tena, hadi kanisa likamtafutia ufadhili wa kwenda Denmaki kuchukua shahada ya kwanza. Jina la somo lilikuwa refu kuliko safari: uendeshaji wa nishati na uendelevu. Jioni aliyotutangazia, mama alimuuliza, "Utatoka daktari wa nini?"

"Si daktari, mama. Nitasomea namna watu wanavyopata moto na mwanga, na namna ya kuvitumia visije vikaisha."

Mama alifikiri huku akigeuza mahindi ya kuchoma. "Moto ndio unaupandia ndege? Si ungekaa hapa jikoni nikufundishe?"

Mimi nilicheka hadi nikapaliwa. Esta hakucheka. Alikuwa tayari anamwonea mama huruma kwa ajili ya yale macho yake mekundu, na mimi nilidhani mama macho yake ndivyo yalivyo.

Mwaka wa tatu akarudi. Ulikuwa Juni, milima imejifunika ukungu, watu wanatembea na mablanketi kama wagonjwa. Alikuja kufanya kazi ya mwisho ya masomo yake, na kazi yenyewe ilikuwa kitongojini kwetu, juu ya Soni. Alitaka kupima jikoni: nyumba inachoma kuni kiasi gani kwa siku, na moshi unaobaki mle ndani ni kiasi gani. Chuo kilimkopesha kisanduku cha kupimia huo moshi. Kilikuwa na ukubwa wa redio ndogo, mdomo wa bati mbele, na kioo cha kuonyesha tarakimu. Kilivuta hewa kikawa kinanguruma taratibu, kama paka aliyeshiba.

"Nikishajua hali ilivyo sasa," alinieleza, "ndipo naweza kusema kipi kitasaidia. Jiko la namna gani, dirisha liwe wapi. Bila hivyo ni maneno tu."

"Na huyo mwalimu wako anakuja kufanya nini?"

"Kushuhudia. Ana siku moja tu huku milimani, kesho yake anaendelea na safari yake. Atakachokiona siku hiyo ndicho atakachokipitisha." Akanishika mkono, kitu ambacho hakukifanya tangu tukiwa wadogo. "Kaka, nahitaji siku ya kawaida. Basi. Anayepika ugali na maharage apike ugali na maharage. Mvivu abaki mvivu. Asiwepo wa kunipambia. Ufadhili wangu unaisha mwezi wa nane, na hakuna wa kunilipia nirudie."

"Siku ya kawaida?" nikamwambia. "Hiyo huku tunazo za kumwaga."

Alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa, akawaonyesha kina mama kile kisanduku, akakiwasha wakasikia kinavyonguruma. Wote wakakubali. Siku iliyotangulia ugeni akateremka kulala kwangu Soni, ili asubuhi ampokee mwalimu wake. Na siku hiyohiyo, mchana, mimi nikaenda kunywa chai kwa Zuberi.

Ilikuwa siku ya soko. Hoteli ya Zuberi imejaa, watu wa kitongojini kwetu wametoka kuuza plamsi na pilipili hoho, wana chumvi ya maneno. Zuberi akaniita kwa jina kutoka kwenye birika lake.

"Niko! Nasikia dada yako kaleta mzani wa moshi."

"Kaleta."

"Sasa moshi unapimwa wa nini, mghoshi?" Mghoshi kwetu ni mwanamume.

Hapo mtu mwenye busara angesema, anasoma, ni mambo ya shule. Mimi nikaona watu wamenyamaza wananitazama, na mdomo wangu ukiona watu wamenyamaza hauniombi ruhusa.

"Zuberi, we mfanyabiashara. Kitu kikishapimwa kinafanywaje?"

"Kinanunuliwa."

"Basi nini tena unaniuliza?"

Wakacheka. Naapa walicheka, mmoja alimwaga chai. Ningeishia hapo, ingekuwa mzaha wa kawaida. Lakini mzee mmoja wa pembeni akauliza, "Na wanapenda moshi upi?" Nami nikajibu, nimekunja uso kama bwana shamba, kwamba ule mwepesi wa kuni kavu hawautaki, unapeperuka njiani. Gredi ya kwanza ni mzito wa bluu.

"Kama kahawa," akasema Zuberi.

"Kama kahawa. Ina gredi zake."

Nikalipa chai nikaondoka. Nilikuwa na karoti za kupakia.

Sasa fikiria walichokuwa wamekiona watu wale katika miaka ile michache. Kiwanda cha mbao kiliuzwa. Shamba la chai liliuzwa. Benki, tuliambiwa, nayo inauzwa, ikiwa na pesa zetu ndani. Maji ya kunywa yalikuwa yameanza kuuzwa kwenye chupa pale stendi, tena na watu wanayanunua, wakati mto unapita nyuma ya stendi. Mtu aliyeona hayo yote, ukimwambia moshi nao umepata mnunuzi, atakataa kwa hoja gani?

Asubuhi gari la kukodi likatukuta barabarani. Mwalimu wa Esta aliitwa Henrik, mrefu, mpole, na masharubu yenye rangi ya mahindi. Alinisalimu "jambo" mara mbili. Tukapanda mlima. Esta alikaa mbele, kisanduku mapajani, amekikumbatia. Alikuwa akimweleza mwalimu wake mambo kwa Kiingereza na mkono wake ukionyesha mashamba, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu. Nilijiona mkubwa, kama vile mimi ndiye niliyemsomesha.

Tulipokata kona ya mwisho, kitongoji kilikuwa hakionekani.

Nikadhani ni ukungu. Lakini ukungu wetu huteremka bondeni, na ule ulikuwa unapanda. Kila paa, la bati na la majani ya migomba, lilikuwa linafuka kuanzia kwenye kingo hadi kileleni, moshi mzito, na rangi yake ilikuwa bluu.

Henrik akauliza kitu. Esta akageuka nyuma.

"Anauliza kama leo ni sikukuu. Kaka, kuna msiba?"

"Hapana."

"Harusi?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Nilifungua mdomo. Ndiyo siku ya kwanza maishani mwangu ulipofunguka ukakosa kitu.

Nyumba ya kwanza ni ya Bi Saumu. Alikuwa amesimama nje ya jiko lake na kanga mpya, macho yamevimba, machozi yanamchuruzika, anatabasamu.

"Shikamoo, Bi Saumu," Esta akaamkia, na mimi nyuma yake.

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mmefanya vizuri kuanzia kwangu, wa kwangu umeiva."

"Umeiva nini, Bi Saumu?"

"Ingia uone."

Esta akainama akaingia, Henrik akamfuata amejikunja kama kisu cha kukunja. Nilisikia wote wawili wanakohoa. Nilichungulia. Mafigani palikuwa na rundo la kuni kavu likiwaka chini ya majani mabichi ya mkaratusi, matawi ya muwati yaliyokatwa asubuhi ile, na juu yake gunia lililoloweshwa maji. Chungu hakuna. Sufuria hakuna. Hata ugali wa mtoto haukuwepo.

"Bi Saumu," Esta akasema kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango gizani, "mbona hujapika?"

"Nipike? Nikiweka chungu si kitauziba?"

Esta akatoka nje. Alinitazama tu, na mimi nikatazama ndala zangu. Kisha akasema polepole, "Umewaambia nini?"

Nikamwambia. Sikumficha hata ile gredi ya kwanza.

Sikujua mtu anaweza kubadilika uso namna ile bila kukasirika. Ningependa angenipiga. Alimgeukia mwalimu wake, akamwambia kitu kifupi, wakakaa kwenye gogo, na kwangu akasema, "Wazime. Wazime wote sasa hivi. Nyumba mbili tatu zikirudi katika hali yake mchana, labda."

Nikaanza na Bi Saumu. "Mama yangu, naomba uzime. Ilikuwa utani. Moshi hauna mnunuzi."

Bi Saumu akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Juzi, Niko, nilipokuletea karoti, uliniambiaje?"

"Nilikuambia… nilisema Kariakoo zimejaa."

"Hazina mnunuzi."

"Ndiyo."

"Na ile Fuso iliyoondoka jioni, yenye magunia ya lumbesa yamefura vichwa kama wenye matubwitubwi, ilipakia mawe?"

"Bi Saumu, ile ilikuwa biashara."

"Na hii pia ni biashara. Moshi hauna mnunuzi. Nimekusikia, mwanangu." Akainama kupepea.

Nikakimbilia nyumba ya pili. Nikakimbilia ya tatu. Nilisimama katikati ya njia nikapaza sauti kwamba nilikuwa natania, kwamba mzungu hanunui chochote, kwamba hata pochi hakuja nayo. Na kila niliposema, nilisikia nyuma yangu kwenye majiko watu wakiambizana, "Dalali keshaanza kushusha bei." Nilipopiga magoti mbele ya mzee Silvano, mzee wa kanisa, nikashika mguu wake, alinihurumia kwa dhati. Kisha akamwita mkewe: "Ongeza majani. Mtoto wa watu amefikia kupiga magoti, bei lazima ni kubwa."

Ndipo nikaona shida yangu ilivyo. Miaka yote ile niliwafundisha watu wale somo moja tu: Niko akisema hakuna, ujue ipo. Walikuwa wamelielewa. Kukanusha kwangu kulikuwa ndilo tangazo. Nikinyamaza, kimya changu kilikuwa ndiyo hila. Ningesema kweli moshi unanunuliwa, pengine wangezima, lakini kufikia hapo hata mimi sikuwa na hakika. Nilijaribu. Nilimwambia mke wa Nikodemo fundi cherehani, jina langu na la mumewe ni moja na tunaitana somo, "Shemeji, leteni wote, bei ni nzuri mno." Akamtazama mumewe, mumewe akamtazama yeye, wakasema kwa pamoja "Umeona?" na kuingia ndani kuvunja banda la kuku.

Zuberi nilimkuta ameegemea mti wa mpaka wa shamba, amepanda mlima mzima kwa miguu, shati limelowa. Nilimrukia kama mtu anayezama.

"Zuberi! Wewe ulikuwepo. Waambie ulinisikia nikitania."

"Nilikusikia."

"Eeh, waambie!"

"Nilikusikia ukisema gredi ya kwanza ni bluu." Akanivuta pembeni, akanong'ona. "Mghoshi, tusidhulumiane. Kama mmekwisha kupatana na mzungu, nipe hata kule bondeni nikusanye mimi. Chai yangu umeinywa miaka mingapi?"

"Zuberi, hakuna kitu! Nitakuapia kwa Biblia."

"Apa basi kwa kitu unachokiogopa."

Nilimwacha. Nikaenda nyumbani kwetu. Nilijua mama angalau ananijua. Na kwa kweli alinijua. Nilimkuta kwenye kigoda, mbele ya moto mkubwa kuliko wote niliouona siku ile. Zile kuni kavu alizokuwa amezipanga darini, juu ya mafiga, za kutuvusha baridi hadi Agosti, zilikuwa hazipo. Dari ilikuwa tupu kama kinywa cha mzee.

"Mama! Na wewe umeamini?"

"Niamini nini? Mimi si ndiye niliyekuzaa? Nilivyosikia tu jana, nikajua huo ni mdomo wa Niko."

"Sasa mbona umewasha?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. "Majirani wote wanafuka moshi. Mwalimu wa mwanangu anatoka huko kote, anafika, anakuta nyumba iliyopoa ni moja tu, na hiyo ni ya kwao Esta. Akasemeje huko kwao? Kwamba msichana wake ametoka kwenye nyumba isiyopika?"

Nilikaa chini mlangoni.

Walikuja. Esta alikuwa amekubaliana na mwalimu wake kwamba wajaribu hapo, kwenye nyumba ya mwisho, huenda kitu kikaokolewa. Mama akampokea Henrik kwa mikono miwili, akamwambia "Hongea, hongea" kwa Kishambaa, shukrani ya kumletea mtoto wake, na yule bwana akainamisha kichwa kama ameelewa. Esta akamtazama mama, akaitazama dari, akaelewa yote bila kuuliza. Akakitundika kisanduku kwenye msumari, mahali ambapo uso wa mpishi huwa. Kikanguruma. Tarakimu zikapanda. Zikapanda tena hadi zikaisha, vikaja vistari vitupu. Kikapiga mlio mwembamba, kama kifaranga aliyekanyagwa, kikanyamaza.

Esta akakitikisa. Akakifungua ubavu. Kichujio chake, kilichokuwa cheupe jana, kilikuwa cheusi na chenye mafuta kama chungu cha nyama.

Henrik alikaa nje juu ya jiwe, akivua miwani na kuivaa, macho yakimtoka machozi. Waliongea muda mrefu. Mimi Kiingereza changu ni cha kuomba soda, lakini mikono ya mtu haina lugha. Aliifungua, akaikunja, akaifungua. Esta akanitafsiria bila kunitazama.

"Anasema hana hasira na mtu. Anasema watu ni wakarimu. Lakini hawezi kuandika kwamba ameona siku ya kawaida, kwa sababu hakuiona."

"Mwambie akae. Kesho nitakwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba. Nitalala kwenye majiko yao."

"Kesho anaondoka."

"Mwambie basi wiki ijayo! Mwezi ujao!"

"Kaka." Alikuwa akizungumza taratibu, kama watu wanavyozungumza na mlevi. "Kuni zimekwisha. Kitongoji kizima. Kesho watapika kwa mabua, keshokutwa kwa majani, wiki nzima wataazimana. Hata angekaa, angepima nini? Siku ya kawaida hamkuniachia hata moja. Mmeichoma."

Nikamwomba amwambie Henrik kwamba kosa ni langu, aandike jina langu huko chuoni, aniseme vibaya apendavyo. Sijui alitafsiri nini. Yule bwana alisimama, akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia kitu kwa upole. Sikuwahi kushikwa mkono kukaniuma hivyo tangu yule mwekezaji. Kisha gari likateremka, na tuliposimama kulipungia nilikuwa wa kwanza kushusha mkono.

Haikupita muda, akina mama wakaanza kuja uani kwetu. Walikuja wawili wawili, wananuka moshi, macho kama ya watu waliotoka kuzika. Wengine walibeba watoto wanaokohoa. Bi Saumu alikuwa mbele, na Zuberi nyuma yao, mbali kidogo, kama mtu aliyepita tu.

"Gari limeondoka," akasema Bi Saumu.

"Limeondoka," nikasema.

"Na wetu hamkuupima. Mmepima wa mama yako peke yake."

"Bi Saumu, nilikuambia tangu asubuhi. Nilikuambia, nikakupigia kelele, nikampigia mzee Silvano magoti. Hakuna aliyetaka kunisikia."

"Kuni zangu ziko wapi, Niko?"

"Umezichoma mwenyewe."

"Kwa neno la nani?"

"Kwa neno la mchezo! Neno la hotelini, mtu anakunywa chai!"

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema mke wa Nikodemo kwa uchungu, naye asiye na banda la kuku. "Na wewe huna lisilo la mchezo. Karoti mchezo, kabichi mchezo. Sisi tutajuaje lipi la kweli?"

"Lisemwalo lipo," akaongeza mwingine. "Kama halipo, laja."

Mama akataka kuwakaribisha uji ili mambo yapoe, akakumbuka hana cha kuuchemshia, akakaa tena. Hilo ndilo lililonivunja. Nikiwa nimevunjika, mimi huwa sinyamazi, hupandisha sauti. Nikasimama katikati ya ua, nikawa mkali kwa watu niliowaharibia, maana hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa bado naweza kufanya.

"Haya, mimi mjinga. Nimekubali, niandikeni kwenye mlango wa kanisa na wa msikiti. Lakini na nyinyi! Watu wazima! Wengine mna wajukuu! Kabichi naelewa, karoti naelewa, hata maji ya chupa naelewa. Lakini moshi? Kitu kinachotoka kikapotea? Mtu na akili yake anakaa anaamini hivyo? Nitajieni basi, dunia yote hii aliyoiumba Mungu, niambieni ni nani, yuko wapi, mtu anayetoa pesa yake kwa ajili ya moshi!"

Bi Saumu akatazama chini. Nilidhani kwa mara ya kwanza siku ile nimeshinda kitu.

Esta alikuwa ameketi kizingitini, kile kisanduku kati ya miguu yake, akikifuta masizi kwa kipande cha kanga ambacho kilikuwa kinazidi kukipaka. Hakuinua uso.

"Wapo, kaka," akasema. "Wanaitwa wanunuzi wa hewa ukaa, nimewasoma muhula mzima. Ila wao wanamlipa asiyewasha."